Kilohezi 92 Juu ya Paa la Tabata

Kipokezi changu cha kwanza cha kupimia mawimbi kilikuwa kile kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya kutazamia televisheni na ambacho, tangu mwaka 2012, wapenzi wa redio sehemu nyingi duniani wamekuwa wakikitumia kunasa karibu wimbi lolote wanalolitaka. Jumamosi moja nilipanda nacho juu ya paa la nyumba tuliyokuwa tumepanga Tabata, nikaifunga antena ya fimbo kwenye bomba lililobeba dishi, nikashusha waya hadi sebuleni na kuanza kupima vituo vya FM vya Dar es Salaam kimoja baada ya kingine. Vingi vilikuwa ndani ya kiwango. Kimoja hakikuwa. Programu niliyoiandika mwenyewe ilionyesha kuwa mkengeuko wake wa masafa ulikuwa ukifika kilohezi 92, ilhali kiwango cha juu kinachokubalika katika utangazaji wa FM ni kilohezi 75 kila upande wa masafa ya kati.

Nilichapisha mchoro ule kwenye duka la steshenari, nikaupeleka kwa fundi mkuu wa kituo hicho, mzee ambaye alianza kazi ya mitambo kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Hii umeipimia wapi?"

"Tabata, juu ya paa la nyumbani."

"Na antena yako inatazama wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu antena ya fimbo haitazami popote. Inapokea kutoka pande zote kwa usawa. Mzee hakunibishia. Alinipeleka hadi kwenye kifaa kilichokuwa kikipima modulesheni, yaani kiasi ambacho sauti inalibadilisha wimbi, moja kwa moja kutoka kwenye mtambo, akaniacha nikitazame kwa dakika kama kumi, na katika muda wote huo kilele cha juu kilikuwa kilohezi 74. Nilirudi nyumbani na karatasi yangu ikiwa imekunjwa mfukoni, nikiwa na swali ambalo limenishughulisha tangu siku hiyo: kama kifaa chake kinasema kweli, zile kilohezi 18 za ziada zilitoka wapi?

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima nieleze kwanza kile kinachopimwa. Katika FM, sauti haiongezi wala haipunguzi nguvu ya wimbi linaloibeba. Inalisogeza huku na huku. Kituo kilichopewa megahezi 100 hakikai kwenye megahezi 100 wakati mtangazaji anapozungumza. Wimbi chukuzi linayumba juu na chini ya hapo kwa kufuata umbo la sauti yake, na kadiri anavyopaza sauti ndivyo linavyokwenda mbali zaidi. Umbali huo ndio mkengeuko, na kilohezi 75 ndiyo asilimia 100 ya modulesheni. Mhandisi wa Kimarekani John Carson, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1922, alionyesha kuwa mawimbi ya FM yanahitaji nafasi pana kuliko ilivyodhaniwa, na kanuni inayobeba jina lake bado ndiyo tunayoitumia kukadiria: jumlisha mkengeuko na masafa ya juu kabisa ya sauti, kisha zidisha kwa 2. Kwa matangazo ya kawaida yenye sauti ya hadi kilohezi 15, jibu ni kilohezi 180. Kwa stirio, ambayo ishara yake inafika kilohezi 53, jibu ni kilohezi 256. Mpango wa masafa uliokubaliwa Geneva mwaka 1984 kwa ukanda wetu, wa megahezi 87.5 hadi 108, umegawa masafa kwa hatua za kilohezi 100, hivyo kituo kinachozidisha mkengeuko hakijiharibii chenyewe tu, bali kinaingia katika shamba la jirani.

Ndiyo maana nilikuwa nimekwenda kwa mzee yule nikiwa na uhakika wa mtu aliyeshika ushahidi. Kilohezi 92 si jambo dogo.

Wiki chache baadaye mzee alinipigia simu. Alisema kwamba usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu watahamishia matangazo kwenye mtambo wa akiba ili wafanye matengenezo kwenye mtambo mkuu, na kama nina nia ya kujifunza nifike saa sita. Nilifika saa tano na nusu. Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi kali ya viyoyozi na mngurumo wa feni, na mtambo mkuu ulikuwa umeondolewa kwenye antena na kuunganishwa na kipingamizi kikubwa ambacho hunywa nguvu yote na kuigeuza kuwa joto, bila kurusha chochote angani. Mzee alizima stirio, akazima toni kiongozi ya kilohezi 19 inayoijulisha redio kuwa matangazo ni ya stirio, kisha akaingiza toni moja tupu kwenye tundu la MPX, yaani la ishara nzima iliyokwisha changanywa tayari kwa kurushwa, ambalo halipiti kwenye kikuza sauti nyembamba. Masafa ya toni ile yalikuwa kilohezi 13.587. Nilimuuliza kwa nini asitumie kilohezi 10 au 15, namba zilizo nyoofu. Aliniambia nitazame kwanza.

Kwenye kichanganuzi cha spektra, kifaa kinachochora nguvu iliyopo katika kila masafa, ulionekana mstari mmoja mrefu katikati, ambao ndio wimbi chukuzi, na pembeni yake mistari mifupi iliyopangana kwa umbali ulio sawa, kila mmoja kilohezi 13.587 kutoka kwa mwenzake. Mzee alianza kuzungusha kitufe cha kiwango polepole sana. Mistari ya pembeni ilirefuka, na ule wa katikati ukaanza kufupika. Ulishuka, ukashuka, hadi ukazama kabisa katika nyasi za kelele zilizo chini ya kioo, huku mtambo ukiendelea kutoa nguvu ileile. Nilidhani tumefika. "Bado," alisema, "huo ni wa kwanza." Aliendelea kuzungusha, mstari ukaibuka tena, ukarefuka, ukaanza kufupika kwa mara ya pili, naye sasa alikuwa anagusa kitufe kwa ncha ya kidole tu. Ulipozama mara ya pili aliondoa mkono. "Hapo ni 75."

Hesabu yake inatokana na mwanafalaki wa Kijerumani Friedrich Bessel, aliyefariki mwaka 1846 bila kujua lolote kuhusu redio, lakini ambaye vipengele vyake vya kihisabati ndivyo vinavyoeleza urefu wa kila mstari katika spektra ya FM. Wimbi chukuzi hutoweka pale ambapo mkengeuko ukigawanywa kwa masafa ya toni unatoa 2.405, na hutoweka tena kwenye 5.520. Zidisha 13.587 kwa 5.520, utapata 75. Njia hii ninaipenda kuliko nyingine zote katika kazi ya upimaji, kwa sababu haimwombi mtu akiamini kifaa chochote chenye mshale. Jambo pekee linalohitaji kujulikana kwa uhakika ni masafa ya toni, na masafa ndicho kitu ambacho binadamu anaweza kukipima kwa usahihi mkubwa hata kwa kifaa cha bei nafuu. Baada ya mstari kuzama, tulisoma kile kifaa cha modulesheni ambacho nilikitilia shaka siku ya kwanza. Kilisoma 74.8.

Kwa hiyo mtambo ulikuwa sawa, na kipimo chao kilikuwa sawa. Nilibaki mimi na paa langu.

Nilianza na kipokezi chenyewe. Kigeuzi chake, kinachogeuza wimbi kuwa namba, kina biti 8 tu, ambazo kwa nadharia hutoa nafasi ya takriban desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu) kati ya ishara kubwa kabisa na kelele yake yenyewe, na katika mji wenye vituo vingi vya FM vyenye nguvu kama Dar es Salaam, hatua yake ya kwanza ya ukuzaji huzidiwa kwa urahisi. Inapozidiwa, vituo viwili huchanganyika ndani yake na kuzaa kituo cha tatu ambacho hakipo angani. Lipo jaribio moja la kutambua uongo huo ambalo ningependa kila kijana anayeanza alijue. Punguza ukuzaji, au weka kipunguzi cha desibeli 10 kwenye waya wa antena. Ishara ya kweli itashuka kwa desibeli 10. Ishara iliyozaliwa ndani ya kipokezi kwa mchanganyiko huo, uitwao wa daraja la tatu, itashuka kwa desibeli 30. Nilifanya hivyo, nikagundua kuwa vituo viwili nilivyokuwa nimeviandika kwenye daftari langu havikuwepo kabisa duniani. Lakini kituo cha mzee kilishuka kwa desibeli 10 kama inavyotakiwa, na bado kilisoma zaidi ya 90.

Jibu lilikuja nilipoacha kutazama masafa na kutazama nguvu. Wimbi la FM, likiwa safi, lina nguvu isiyobadilika. Unaweza kulichora kwenye kioo na ukapata mstari ulionyooka hata mtangazaji anapopiga kelele. Nilipolichora lile nililolinasa Tabata, mstari haukunyooka. Ulikuwa ukipanda na kushuka kwa kufuata sauti, na mara nyingine ukishuka hadi karibu na sifuri, na kila ulipozama ndipo programu yangu ilipotoa kilele kirefu cha mkengeuko. Nilikuwa ninapokea wimbi lilelile mara mbili: moja likitoka moja kwa moja mnarani, lingine likiwa limegonga mahali fulani, pengine kwenye maghorofa, na kurudi likiwa limechelewa.

Mwangwi uliochelewa kwa mikrosekunde 10 umesafiri kilomita 3 zaidi ya mwenzake. Kwa kuwa masafa yenyewe yanayumba ndani ya upana wa kilohezi 150 kutoka upande hadi upande, uhusiano kati ya wimbi na mwangwi wake unazunguka mzunguko mmoja na nusu katika kila myumbo mkubwa, mara wakisaidiana na mara wakipingana. Mwangwi ukiwa nusu ya wimbi la kwanza, kimo cha wimbi lililopokelewa kitacheza kati ya mara moja na nusu na nusu ya kiwango cha kawaida. Pale wimbi na mwangwi vinapopingana, awamu ya jumla yao, yaani mahali ilipofika katika mzunguko wake, hugeuka ghafla, na kwa kuwa kipokezi cha FM husoma kasi ya mgeuko wa awamu, mgeuko wa ghafla unasomeka kama mkengeuko mkubwa ambao mtambo haujawahi kuutoa. Kelele nayo hufanya vivyo hivyo pale ishara inapokuwa dhaifu. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lina pendekezo maalumu, SM.1268, kuhusu namna ya kupima mkengeuko wa vituo vya FM kwa mbali, na sehemu kubwa ya uangalifu wake inahusu mambo haya haya: ishara iwe na nguvu ya kutosha, mwangwi uwe mdogo, na matokeo yasomwe kama mgawanyo wa vipimo vingi badala ya kilele kimoja. Laiti ningalilisoma kabla ya kwenda duka la steshenari.

Nilinunua mabomba ya alumini Gerezani, nikaunda antena ya Yagi yenye fimbo 5, ambayo hupokea zaidi kutoka upande mmoja inakotazama, nikaigeuza taratibu huku mke wangu akinisomea namba kutoka sebuleni. Katika uelekeo mmoja mawimbi ya nguvu yalitulia karibu kabisa, na mkengeuko ukashuka hadi 77. Zile 2 zilizobaki juu ya 75 ninaziweka kwenye mabaki ya mwangwi na kelele. Namba ya kipimo isiyoambatana na maelezo ya nini kilichoongezwa na njia na nini kilichoongezwa na kifaa ni shutuma isiyo na shahidi, na mimi nilikuwa nimeibeba shutuma hiyo hadi mlangoni kwa mtu.

Tangu hapo mzee na mimi tumepima mambo mengi pamoja, na yapo mawili ambayo wasikilizaji wa jiji hili wanakutana nayo kila siku bila kuyajua.

La kwanza ni herufi "s". Sauti nyembamba hupotea kirahisi katika kelele za FM, kwa hiyo mtambo huzikuza kabla ya kurusha na redio huzishusha tena kwa kiasi kilekile. Ulaya na huku kwetu ukuzaji huo unafuata kipimo cha mikrosekunde 50. Marekani unafuata mikrosekunde 75, yaani ukuzaji mkubwa zaidi. Vifaa vingi vya studio vina swichi ya kuchagua, na kifaa kilichowahi kutumika kwingine kinaweza kufika kikiwa kimewekwa upande usio wetu. Kwenye kilohezi 10 tofauti ni kama desibeli 3.3, ambayo mtu hawezi kuiita uharibifu. Atasema tu kwamba kituo kile "kinachoma masikio". Niliwahi kukipima kituo kimoja kidogo ambacho sauti ya mtangazaji wake wa kike ilikuwa ikipasuka kila alipotaja muda. "Sasa ni saa sita na dakika sita" ni sentensi ngumu sana kwa mtambo wa FM, kwa kuwa kila "s" ndani yake ni mlipuko wa sauti za kilohezi 5 hadi 10 ambao, ukishakuzwa, unagonga kidhibiti cha kilele na kukatwa kichwa. Swichi ilirudishwa kwenye 50, kidhibiti kikalegezwa kidogo, na yule dada akasikika kama anavyozungumza mezani.

La pili ni magari. Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam yametoka Japani, na redio za yale ya zamani hupokea megahezi 76 hadi 90, kwa sababu ndiko FM ya Japani ilikokuwa. Mafundi huongeza kiboksi kidogo kiitwacho bendi ekspanda, ambacho huteremsha vituo vyetu hadi ndani ya masafa ambayo redio ya gari inayafahamu. Kiboksi hicho ni kichanganyaji, na kichanganyaji cha bei rahisi kinachomiminiwa vituo vyote vya mji kwa wakati mmoja huzaa vituo vya uongo na kuchafua vile vya kweli, kwa namna ileile ya kipokezi changu cha biti 8. Malalamiko kadhaa yaliyofika kwa mzee kwamba "redio yenu inakwaruza" yalitoka kwa wenye magari yenye ekspanda, na tulipokaa ndani ya gari mojawapo na redio ndogo ya mkononi pembeni, ya mkononi ilikuwa safi.

Sasa niseme juu ya mpotoko wenyewe, ule ambao mafundi huuita distosheni, kwa sababu namba yake hutajwa sana na hueleweka kidogo. Njia ya kawaida ni kuingiza toni moja ya kilohezi 1 na kutazama kinachotoka upande wa pili kwenye kilohezi 2, 3, 4 na kuendelea, yaani hamoniki ambazo hazikuingizwa. Kama ya pili iko desibeli 50 chini ya toni na ya tatu desibeli 56 chini, jumla yao ni asilimia 0.35, na hiyo ni FM inayoheshimika. Tatizo ni kwamba mfumo wa FM unakata kila kitu kilicho juu ya kilohezi 15. Ukiingiza toni ya kilohezi 8, hata hamoniki yake ya pili iko kwenye 16, nje ya mfumo, hivyo kipimo kitakupa cheti kizuri hata kama mtambo unatafuna sauti. Kwa sauti nyembamba lazima uingize toni mbili kwa pamoja, kwa mfano kilohezi 14 na 15, kisha usikilize chini, kwenye kilohezi 1. Hapo hapapaswi kuwa na kitu. Kikiwepo, ni mtoto aliyezaliwa na toni hizo mbili kugongana ndani ya kitu kisicho nyoofu, yaani kinachopotosha umbo la sauti, na sikio linamsikia vizuri kwa sababu hana uhusiano wowote wa kimuziki na wazazi wake. Upatu na matoazi hufichua mpotoko huu haraka kuliko kinanda: badala ya mlio unaong'aa unasikia vumbi. Mimi nikipewa nafasi ya kipimo kimoja tu kwa kituo cha FM, nitachagua hiki cha toni mbili.

Kuhusu AM, njia ya zamani zaidi ya kubeba sauti kwa redio, nitaeleza kwa ufupi zaidi, si kwa sababu imekwisha, bali kwa sababu kuipima kunahitaji jicho kuliko hesabu. Kila rubani anayekaribia Uwanja wa Julius Nyerere anazungumza na mnara kwa AM, katika masafa ya kati ya megahezi 118 na 137, na faida yake inajulikana: FM yenye nguvu humeza kabisa ile dhaifu, ilhali kwenye AM marubani wawili wakizungumza kwa pamoja mwongozaji husikia mlio wa mgongano na kujua kuwa wako wawili.

Kwenye AM, sauti hubadilisha nguvu ya wimbi. Ukilitazama kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi kwenye kioo, soma sehemu nene kabisa na sehemu nyembamba kabisa. Toa ya pili kutoka ya kwanza, gawanya kwa jumla yao. Visanduku 3.4 na visanduku 0.6 vinatoa 2.8 kwa 4, yaani asilimia 70. Ukitaka kuhakikisha, nenda kwenye spektra: kila mstari wa pembeni unapaswa kuwa desibeli 9.1 chini ya wimbi chukuzi. Vipimo viwili vilivyopita njia tofauti vikikubaliana, unaweza kulala. Lakini kipimo kizuri zaidi ni kile cha kupeleka sauti kwenye mhimili wa kulala wa osiloskopu na wimbi kwenye mhimili wa kusimama, ambapo kioo huchora trapeza. Kwenye asilimia 100 trapeza hiyo inakuwa pembetatu yenye ncha kali. Ikizidi, mkia mdogo wa mstari hutokea mbele ya ncha, kuonyesha muda ambao wimbi limezimika kabisa, na kuzimika huko hurusha uchafu kwa majirani pande zote mbili. Mbavu za trapeza zikiwa zimenyooka, modulesheni ni nyoofu. Zikipinda karibu na upande mpana, mtambo umeishiwa nguvu kwenye vilele. Hakuna namba hata moja katika mchoro huo, na bado fundi aliyeuzoea anaujua ugonjwa kabla hajashika bisibisi.

Redio ilianza mjini hapa kwa AM, mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na babu yangu kule Korogwe alikuwa akisikiliza Radio Tanzania usiku kwa redio ya betri iliyokuwa na mfuko wa ngozi. Ninachokumbuka ni jinsi taarifa ya habari ilivyokuwa ikipinda: sauti ya msomaji inakuwa nzito, inapasuka, inazama kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, kisha inarudi. Babu aliamini kuwa mitambo ya Dar es Salaam imechoka. Leo najua kuwa baada ya jua kuzama, tabaka la chini la ionosfera, ile sehemu ya juu ya angahewa yenye chaji za umeme, linalonywa mawimbi ya kati hutoweka, mawimbi yanafika juu na kurudi, na yale yaliyorudi yanakutana na yale yaliyotambaa ardhini. Kukutana huko hakugusi masafa yote sawasawa. Kuna nyakati wimbi chukuzi linafutika huku masafa ya pembeni yaliyobeba sauti yakibaki, na redio yenye dayodi moja ya kugundua sauti inaona kitu kinachofanana na modulesheni iliyozidi asilimia 100. Mtambo ulikuwa mzima. Njia ndiyo iliyouharibu ujumbe, kama ilivyofanya Tabata miaka mingi baadaye.

Jambo linaloniumiza katika FM ya leo haliko angani wala kwenye ekspanda. Liko kwenye kitufe cha ukubwa wa sauti. Kila meneja anataka kituo chake kisikike kwa nguvu kuliko cha jirani mtu anapozungusha redio kwenye daladala, na kwa kuwa kilele hakiwezi kuvuka 75, kinachofanyika ni kuubana muziki hadi sehemu zake za upole zipande na kugusa vilele. Kipimo cha kilele hakitaona kosa lolote. Ndiyo maana pendekezo la ITU linaloitwa BS.412 linapima kitu kingine, wastani wa nguvu ya ishara yote ya MPX kwa sekunde 60, na kutaka usizidi nguvu ya toni inayokengeusha wimbi kwa kilohezi 19. Nimeipima hivyo saa moja ya matangazo ya muziki kutoka kituo ambacho sitakitaja, na kilikuwa ndani ya 75 wakati wote huku wastani wake ukiwa juu ya kiwango hicho karibu kila dakika. Mpiga gitaa aliyekaa miaka akijifunza kugusa uzi kwa upole anasikika sawa na anayeuchana. Ninaliona hilo kuwa dhuluma kwa mwanamuziki, na natamani kipimo cha wastani kiwekwe ukutani katika kila chumba cha mitambo, karibu na kile cha kilele.

Mzee amestaafu, anaishi Mbagala. Mwezi uliopita nilimpelekea mchoro wa kituo chake cha zamani niliouchukua kwa antena ya Yagi, ukiwa na safu tatu: mkengeuko, mtikisiko wa nguvu, na kelele. Aliuweka karibu na dirisha, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya katikati kabla ya kugusa ya kwanza. Kisha akaniuliza ilikuwa saa ngapi na kama mvua ilikuwa imenyesha, kwa sababu mabati ya majirani yakiwa yamelowa hurudisha mawimbi kwa namna nyingine, nami nikachukua kalamu nikaandika safu ya nne.